Kuishi na Ishirini

Saa kumi na moja alfajiri, huku Moshono, Arusha, baridi inakata masikio, jogoo wa jirani ndo kwanza anajaribu sauti, na mi nipo macho chini ya blanketi mbili namsikiliza mwenzangu ninayeishi naye, mtu mzima wa miaka thelathini na moja akimwelekeza mtu wa Ohio jinsi nchi yake inavyotakiwa kuendeshwa. Kwa Kiingereza. Cha kujifunzia kwenye simu, ila cha kujiamini balaa. Nyumba yetu haina dari, ukuta unaishia juu ukaacha nafasi kama ya mkono kabla ya bati, kwahiyo kinachosemwa chumbani kwake kinapanda, kinapita juu ya mbao, kinashuka kwangu.

Hiyo ilikuwa tarehe 6 Novemba 2024. Kule New York ilikuwa bado saa tatu usiku wa tarehe 5, vituo vya kura ndo vinafungwa, Trump na Kamala Harris, na chalii wangu alikuwa spesi, ile mijadala ya sauti ya kule X (Twitter ya zamani), tangu saa nne usiku na chupa ya chai ya tangawizi na nusu mkate. Hana ndugu Marekani. Hajawahi hata kuomba viza. Safari yake ya mbali kuliko zote ni Nairobi, alienda kununua laptopu, akalala usiku mmoja, akarudi.

Nikamgongea ukuta. Akanyamaza kama sekunde tano. Af nikamsikia anawaomba radhi wenzake, anawaambia samahanini, huku nilipo kuna mtu anajaribu kuniziba mdomo.

Jina lake silitaji, na mtandaoni anatumia jina lingine kabisa na picha ya simba kavaa miwani, kwahiyo msihangaike kumtafuta. Mi namuita Ishirini. Jina kajipa mwenyewe. Tulihamia hii nyumba Machi 2023, wiki ya kwanza hatuna hata meza, tumekalia ndoo za rangi tunakula chipsi mayai, akaanza kunihadithia Tume ya Jaji Nyalali, kwamba 1991 ilizunguka nchi nzima kuuliza watu, ikaleta majibu kwamba kama asilimia 80 wanataka tubaki na chama kimoja, asilimia 20 ndo wanataka vyama vingi, na bado 1992 vyama vingi vikaja. "Wale ishirini ndo mimi," akasema, ananinyooshea kijiti cha meno. "Siku zote mi nipo kwenye ile ishirini."

Dah, nikaona leo nimepata mtu. Nilikuwa natoka kuishi na chalii ambaye maongezi yake yote ni mkeka wa kubeti, timu gani inampa timu gani, ukimuuliza habari za nchi anakuuliza odi zake. Huyu anajua Jaji Nyalali! Nikampigia dada yangu usiku uleule nikamwambia nimepata mtu wa kuishi naye msomi kabisa.

Miezi mitatu mbele nikaanza kuona kitu. Siku hiyo nipo chumbani nakunja nguo, namsikia juu ya ukuta kwenye spesi ambayo inaonekana wote wanasifia vyama vingi, na yeye kawashika koo, anasema vyama vingi ndo kosa kubwa tulilofanya nchi hii na wale wazee asilimia 80 walijua wanachokisema. Nikadhani nimesikia vibaya. Asubuhi anapiga mswaki nje namuuliza, si ulisema we ni wale ishirini? Akatema povu, akasema "ule ulikuwa muktadha mwingine."

Wabishi nimewazoea, nimekulia Kaloleni, kijiwe cha kahawa kilikuwa hatua kumi kutoka mlangoni kwetu na mzee mmoja pale alikuwa anabisha mpaka unashika kichwa. Ila mbishi wa kijiweni ana breki zake. Kahawa inaisha, adhana inaita, mke anatuma mtoto, mwisho wa siku mtu anamwambia mzee we lipa kahawa za watu kwanza tukuelewe, wanacheka, wanatawanyika. Huyu wangu hafungi. Akichoka wa Dar anaamka wa Toronto. Na hakuna hata mmoja wa kumwambia lipa kahawa, anayelipa ni mimi, maana ruta tunachangia nusu kwa nusu na bando la mwezi linakata tarehe ishirini na mbili.

Nisiwe mwongo, kwa mambo ya nyumba simuwezi. Choo anasugua bila kuambiwa. Sufuria zake zinang'aa mpaka chini. Makande yake hata mama yangu alikula akaomba ya kubeba. Kazi yake anatengeneza tovuti za kampuni ndogondogo za utalii, zipo nyingi hapa Chuga, yani Arusha, kama unavyojua, kwahiyo hela anapata na kodi hajawahi kuchelewesha hata siku moja. Simu ikiwa kwenye chaji sebuleni na yeye yupo jikoni ni mtu mtaratibu, anaimba nyimbo za kwaya, anauliza habari ya mgongo wangu. Simu ikifika asilimia mia anabadilika sura.

Kipimo changu kikubwa kilikuwa Azimio la Arusha, lile la ujamaa na kujitegemea. Sisi watu wa Arusha Azimio ni kama ndugu wa familia, mnara upo pale katikati ya mji unaupita na daladala, makumbusho yapo, shule ya msingi tulikaririshwa, Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa hapahapa mwishoni mwa Januari 1967, likatangazwa tarehe 5 Februari. Kwahiyo kila tarehe 5 Februari mtandaoni kunakuwa na maneno. Mwaka 2024 watu aliokuwa nao walikuwa wanaliponda, kwamba ndo lilitufanya tupange foleni ya sukari, na Ishirini akatoa uzi mrefu, posti zinazofuatana, wa kulitetea, mzuri tu, masharti ya viongozi yote kayataja, kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa kwenye makampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. Nikausoma nikamwambia hongera, umeandika vizuri. Mwaka 2025 upepo ukageuka, watu wakawa wanalilia Azimio, wanasema viongozi wa siku hizi wangelazimishwa kulifuata, na yeye kafungua uzi mwingine kulipasua lilelile vipande vipande. Mi nilivyokuwa na ujinga nikazifungua zote mbili nikaziweka moja juu ya nyingine kwenye laptopu yake. Akaangalia kama anaangalia picha zake za utotoni. Akasema "hii ya kwanza niliiandika vizuri zaidi."

Na Mei 2025 X ilipofungwa huku kwetu? Kila mtu analalamika. Ishirini akatetea. Akasema kila nchi ina haki ya kulinda mipaka yake ya mtandao, akatoa hoja sita, na hoja zote sita alizitolea wapi? Ndani ya X. Aliingiaje si kazi yangu kueleza.

Hapo unaweza kucheka, na mi nacheka mara nyingi. Ila kuna moja sikucheka.

Januari 2025 mi nilikuwa bado kazini, nilikuwa mwingiza takwimu kwenye mradi wa afya, hela yake inatoka Marekani kama miradi mingi ya huku. Tarehe 20 Trump kaapishwa, siku ileile kasaini amri ya kusimamisha misaada ya nje siku 90 ipitiwe upya. Sisi mwanzoni hatukuelewa, tukaambiwa tuendelee kuja, af tukaambiwa tusije, af siku moja mchana tukaitwa mmojammoja. Hakuna ubaya wa mtu pale, aliyenipa barua na yeye alikuwa na yake mezani. Nikabeba kikombe changu, kalenda, na charja, nikapanda daladala ya Moshono nikakaa kiti cha nyuma kabisa.

Nafungua mlango, Ishirini yupo sebuleni laivu. Simu kaiegesha kwenye kopo la sukari, earphone moja sikioni, anaongea kwa ule mkono wake wa kukata hewa. Anashangilia. Misaada ni kitanzi, anasema, wazee wetu walisema tujitegemee tangu 1967, wacha wakate, wacha tuamke, wanaolia ni waliozoea posho za semina. Akaniona, akaniinulia kidole gumba kunisalimia, akaendelea. Mi nimesimama pale mlangoni na kikombe mkononi. Kikombe chenyewe kina nembo ya mradi.

Alivyomaliza nikamwambia. Akatoa earphone. Akanipa pole, na niseme ilikuwa pole ya kweli, macho yalimbadilika, akanichemshia chai ya maziwa, akaweka na iliki, akakaa pembeni yangu kimya muda mrefu mpaka nikaanza kumsamehe. Af akasema, "Ila kimsingi hoja yangu umeielewa, eti?"

Nilienda kulala saa moja jioni.

Sasa sikia. Wiki moja haijaisha, kimitandao tujitegemee imekuwa wimbo wa kila mtu, mpaka watu ambao hawajawahi kujitegemea hata kwa vocha wanaandika tujitegemee, na Ishirini huyo, kageuka. Uzi wa posti kumi na nane. Akaichambua PEPFAR, ule mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, ilivyoanza enzi za Bush 2003, akaeleza habari ya dawa za ARV, akaeleza mtu akikatiza dawa mwilini kinatokea nini, akauliza hao wanaoshangilia wamewahi kukaa kliniki kuanzia asubuhi. Ilikuwa ya kuliza. Nilikuwa nimelala kitandani, sina kazi, naisoma, machozi yananilenga, nasema kumbe chalii kanielewa. Nikafika posti ya kumi na nne: "Mwenzangu ninayeishi naye nyumba moja ni mmoja wa waliopoteza kazi."

Laiki mia nne na kitu. Nimekuwa mfano.

Nilikaa nikaiangalia ile namba nikashindwa kujua nikasirike au nimshukuru. Maana alichokiandika kilikuwa kweli tupu, na kilikuwa upande wangu. Ila nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba wiki ile watu wangekuwa wanalilia misaada, uzi ungekuwa wa posho za semina. Sikuwemo kwenye hesabu kabisa. Nilikutwa njiani.

Sikumwambia. Nilipata kibarua kwenye duka la vyombo la dada yangu kule sokoni Kilombero, hapahapa mjini, ndo nipo mpaka sasaivi, nauza ndoo na mabeseni, ukihitaji nione.

Mambo ya kodi sasa. Mwisho wa Agosti 2025, Jumapili baada ya ibada, mama mwenye nyumba kaja. Mwalimu mstaafu, mtu wa watu, tunamuamkia wote wawili mpaka tunashindana. "Shikamoo mama." "Marahaba wanangu, hamjambo humu ndani?" Akakaa kwenye ncha ya kochi, pochi mapajani, akausifia mparachichi wake, akauliza maji yanatoka siku ngapi, yani unaona kabisa mtu ana jambo na anaona aibu. Mwisho akasema wanangu mnajua vitu vimepanda, nilikuwa nafikiria, kama mtaona sawa, ile laki mbili na nusu mkaniongezea ikawa mbili na themanini. Anasema hivyo anaangalia sakafu.

Ishirini akajiweka sawa. "Mama, naomba nikwambie ukweli."

Mi nikaegemea kochi kwa raha zangu. Nilijua leo anatusaidia. Wiki mbili nyuma alikuwa karudi tena kwenye Azimio, kuna watu walikuwa wanatetea soko huria na yeye akawaambia kodi ya nyumba ni unyonyaji wa wazi, neno unyonyaji kalirudia mpaka nikalisikia usingizini.

"Unajiibia," akamwambia. "Nyumba kama hii, na uzio, na simtanki, ukishuka hapo Kijenge tu ni laki tatu. Mbili na themanini unaharibu soko mama, unawaumiza na wenzako wenye nyumba."

Mama akamwangalia. Akaniangalia mimi. Nahisi alidhani ni mtego. "Wewe mwanangu unasemaje?" ananiuliza, na mi nikasema nini sasa, nikajiumauma, nikasema mama tutazungumza, na yeye kashanyanyuka, anamshukuru Mungu kwa sauti.

Laki tatu. Piga hesabu mwenyewe, tunalipa miezi sita kwa mkupuo, ile elfu ishirini ya juu ambayo hata mwenye nyumba mwenyewe hakuiomba, nusu yake ni yangu, elfu sitini zimenitoka kwa sababu ya mdomo wa mtu. Tumemsindikiza mpaka getini, amepiga kona, namuuliza umerogwa? Anasema, bila wasiwasi wowote, "Wapangaji wote Tanzania wanasema kodi ishuke. Huoni kama hilo ni kundi linalofikiri kwa pamoja?" Na yake kalipa siku ileile, laki tisa taslimu, hana hata kinyongo.

Watu wameniuliza kwanini sihami. Dada kaniuliza, mama kaniuliza. Nitakueleza kilichotokea mwezi wa kumi ndo utajua kwanini bado nafikiria.

Jumatano tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ikazima nchi nzima. Ya siku zile kila mtu anayajua ya kwake na kuna watu walikuwa na hofu na misiba ya kweli, kwahiyo nisionekane nachezea mambo ya watu. Sisi tulikuwa ndani ya geti letu, tuna unga, maharage, gesi nusu mtungi, na redio ndogo ya betri ya marehemu babu yangu. Mi naandika ya jikoni kwetu tu.

Mchana wa kwanza Ishirini alizima data akawasha, akazima akawasha, akatoa laini akaifuta na shati akarudisha. Akapanda kwenye mnara wa simtanki, simu kaiinua juu kama anamwonyesha Mungu. Jioni akafagia chumba chake. Akafagia na changu. Nikasema afadhali, angalau kwa siku hizi nitakaa na mtu.

Aisee. Alhamisi asubuhi akaanza na mimi. Nimeweka magadi kwenye maharage, akasema magadi yanaua virutubisho. Ijumaa nisipoweka akasema maharage bila magadi ni kupoteza gesi. Nikasema baridi imezidi, akasema sio baridi ni unyevu. Nikasema Mlima Meru leo umefunguka vizuri, akasema wote tunaousifia huu mlima ni kwa sababu Kilimanjaro ipo Moshi. Nikakaa kimya makusudi, akaja kunibishia ukimya wangu, eti mtu anayenyamaza kwenye mjadala tayari ana msimamo ila anaogopa kuusema. Mjadala gani? Nilikuwa nachambua mchele!

Ndo nikaelewa kitu ambacho miaka miwili na nusu sikukielewa. Wale watu wake wa kwenye simu, wa Dar na Toronto na Ohio, wote wale ambao usiku nilikuwa nawalaani kwa kuninyima usingizi, walikuwa wananisaidia kumbeba. Walikuwa wanashika upande wa pili wa machela. Siku walipoachia, mzigo wote ukanishukia begani, na mtu mmoja hatoshi kuwa asilimia 80 ya mtu yeyote.

Ila kuna kitu kimoja hakukibishia. Hicho kikubwa, cha uchaguzi. Siku ya kwanza hakigusi, siku ya pili hakigusi. Redio inaongea pale juu ya friji, yeye anabisha habari ya magadi. Ijumaa usiku yupo jikoni anakoroga makande, umeme upo, redio nimeipunguza sauti, nikamuuliza tu wazi: "Sasa wewe unasemaje kuhusu haya yote?"

Mwiko ukasimama.

"Sijui."

Sijawahi kumsikia Ishirini anasema sijui. Hata ukimuuliza nyanya shilingi ngapi Kilombero anakupa msimamo. Nikasema hujui? Akasema, "Sijaona watu wanasemaje."

Alisema kawaida kabisa, kama mtu anayekwambia hajaangalia kama mvua imeanza. Nikamwambia si redio hiyo hapo inasema. Akaiangalia redio ya babu. "Redio sio watu." Nikamwambia basi wewe. Wewe mwenyewe, hapa, na mwiko wako, unaonaje? Akafungua mdomo, na nakuapia nilimwona anatafuta, macho yanazunguka kwenye ukuta wa jikoni kama mtu anayetafuta swichi gizani kwenye nyumba ya ugenini. Akarudi kwenye sufuria. "Hebu onja hii chumvi."

Nilitaka kumcheka nikashindwa, maana nikajiuliza na mimi, ningeulizwa ningesema nini? Ningesema alichoniambia mwenye duka asubuhi kupitia dirishani, ambaye na yeye kaambiwa na boda, ambaye na yeye sijui kaambiwa na nani. Tofauti yetu ni kwamba mi nachukua cha watu kama kilivyo, mwenzangu anakigeuza kichwa chini kwanza. Nikaonja. Nikamwambia haijakolea, akasema chumvi inawekwa mwisho, nikaacha.

Jumamosi na Jumapili tulicheza bao. Hakubisha sana. Alinifunga michezo mingi tu, na kila akinifunga alikuwa anaangalia simu iliyolala kifudifudi kwenye kochi, af anairudia kete. Jumapili jioni alinihadithia habari za baba yake, ambazo ni zake na siziandiki, ila alizihadithia moja kwa moja, bila "kwa upande mwingine." Nilikwenda kulala nikiwa na hamu ya kesho yake.

Jumatatu tarehe 3 Novemba ndo ikaanza kurudi, inavutavuta. Tulikuwa mezani. Simu yake ikalia ting. Tukatazamana. Ting. Ting ting. Af ikaanza kutetemeka yenyewe inatembea juu ya meza kama mende aliyepigwa dawa, meseji za siku tano zinaingia zote kwa pamoja, ikafika ukingoni, akaidaka kabla haijaanguka. Hakumaliza sahani. Kwa heshima kabisa akasema "samahani kaka, dakika mbili," akaingia chumbani.

Nimekaa na makande yangu, nasikia ukimya wa mtu anayesoma. Nusu saa. Saa nzima. Nikaosha vyombo, vyake na vyangu. Niseme ukweli nilikuwa nasubiri, nilitaka kujua kama atatoka na kile alichokitafuta kwenye ukuta Ijumaa ile.

Kama saa tatu usiku ikapanda sauti, ikapita juu ya mbao, ikashuka kitandani kwangu. Alikuwa anakohoa kusafisha koo. Af nikamsikia: "Asanteni kwa kunipa nafasi. Mimi nitatofautiana kidogo na wote mliotangulia."